Shotigani ya zamani: ikague hivi kabla ya kuinunua au kuipeleka kwa fundi

Swali hili hutufikia kwenye kipindi kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Mtu amesikia habari ya shotigani ya zamani ya mitutu miwili. Mwenyewe amezeeka au amefariki, na familia inataka kuiuza. Ina maandishi ya Kiingereza, ina nakshi za maua ubavuni, na bei si kubwa. Anayeuliza ana shamba linaloliwa na ngedere na nguruwe pori. Anataka kujua: nikiinunua na kuitengeneza, itafaa?

Jibu fupi ni hili. Huenda ikafaa. Huenda pia ikakukata vidole siku ya kwanza, au ikakupeleka mahabusu kabla hujaifyatua hata mara moja. Kinachotenganisha mambo hayo ni ukaguzi, na ukaguzi una mpangilio wake: karatasi kwanza, mtutu pili, mtambo tatu, mbao mwisho. Wanunuzi wengi huanza na mbao kwa sababu ndizo zinazovutia macho, kisha wanakuja kugundua ubovu wa mtutu wakiwa wameshalipa.

Makala hii ni ya kusoma taratibu. Ihifadhi kwenye simu yako, umpe na jirani.

Shotigani ni bunduki ya namna gani

Shotigani ni bunduki yenye mtutu laini kwa ndani, isiyo na mikato ya kuzungusha risasi kama ilivyo raifo. Risasi yake moja hubeba marisau, yaani chembe nyingi ndogo za risasi zinazotawanyika zikitoka. Ndiyo maana hutumika kwa ndege na wanyama wadogo walio karibu. Si silaha ya kumkabili tembo, nyati wala kiboko. Wanyama hao wakivamia shamba, toa taarifa kwa askari wa wanyamapori au ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Ukubwa wa shotigani hutajwa kwa namba: 12, 16, 20 na kadhalika. Namba hii huwachanganya watu kwa sababu kubwa ina maana ya tundu dogo. Asili yake ni hesabu ya zamani: ratili moja ya madini ya risasi, kama gramu 454, ikigawanywa katika tufe 12 zinazolingana, kila tufe huenea tundu la namba 12. Ikigawanywa katika tufe 20, kila moja ni ndogo zaidi. Tundu la namba 12 lina upana wa karibu milimita 18.5, la namba 16 karibu milimita 16.8, na la namba 20 karibu milimita 15.6.

Zilifikaje huku

Bunduki nyingi za zamani zilizoko Afrika Mashariki zilitengenezwa Birmingham na London nchini Uingereza, au Liège nchini Ubelgiji. Miji ya Birmingham na Liège iliuza bunduki nyingi sana Afrika katika karne ya 19.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta na nyuzi 22 kusini. Kilichoachiwa kiuzwe kwa Mwafrika ni bunduki za mtutu laini za kuwashwa kwa jiwe la gumegume, pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki zinazofunguka nyuma, ambazo ndizo mababa wa shotigani tunayoizungumza, zilibaki kwa maofisa, walowezi na watu wachache wenye vibali. Hii ni sababu moja iliyofanya gobore lijazwe kwa mbele hadi vizazi vya karibuni, wakati shotigani ilikuwa alama ya mwenye cheo.

Kwa hiyo shotigani ya mitutu miwili iliyoko kijijini mara nyingi ina historia ya shamba la mkonge au kahawa, ofisi ya serikali ya kikoloni, au mwindaji mwenye leseni. Historia hiyo ni nzuri kuijua, lakini mtutu hauimariki kwa sababu ya historia.

Kwanza: karatasi

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki silaha bila leseni kumo kwenye orodha ya makosa ya uhujumu uchumi, na kesi za namna hiyo si za kulipa faini ndogo na kurudi nyumbani jioni. Kabla ya kuzungumzia bei, pata majibu ya maswali manne.

La kwanza: anayeuza ana leseni hai yenye jina lake? Kama aliyeandikwa ni marehemu, leseni hiyo haikuhami wewe wala mtoto wa marehemu. Leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Familia inapaswa kutoa taarifa polisi na kukabidhi silaha itunzwe huko wakati mirathi inaendelea. Kaka mkubwa hawezi kuiuza kwa kuwa tu ndiye aliyeikuta chini ya kitanda cha baba.

La pili: namba iliyo kwenye leseni inalingana na iliyo kwenye bunduki? Katika shotigani za zamani namba huandikwa zaidi ya mahali pamoja: kwenye chuma kinachozunguka kifyatulio, chini ya mitutu upande wa nyuma, na kwenye chuma cha mbao ya mbele. Zote zinapaswa kufanana. Zikitofautiana, bunduki imeunganishwa kutoka vipande vya bunduki mbili. Namba ikiwa imepigwa tupa au kuchomelewa, ondoka hapo na utoe taarifa.

La tatu: wewe mwenyewe unaruhusiwa kumiliki? Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, hupita ngazi za usalama za wilaya na mkoa, hadi kwa msajili wa silaha ndani ya Jeshi la Polisi. Kituo cha polisi cha wilaya kitakueleza fomu na ada za sasa. Usilipe bei yote kabla uhamisho haujakubaliwa, na usiichukue bunduki "ukaijaribu kwanza shambani".

La nne: itatengenezwa na nani? Kutengeneza silaha ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa. Fundi wa baiskeli au wa kuchomelea mageti, hata awe hodari vipi, hana ruhusa hiyo, naye anaweza kuingia matatani pamoja na wewe.

Liko pia jambo linalowapotosha wanaotazama video za nje kwenye simu. Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla haihesabiwi kuwa silaha chini ya sheria kuu ya nchi ile. Uingereza nayo inaruhusu bunduki fulani za kale zihifadhiwe kama mapambo bila cheti. Sheria hizo ni za huko. Hapa kwetu usidhani kuwa uzee wa bunduki ni kibali. Ichukulie kuwa silaha kamili mpaka polisi wakuambie vinginevyo.

Kabla ya kuishika

Ukaguzi ufanyike mbele ya mwenye leseni, kituoni, au kwa muuzaji wa silaha anayetambulika. Kwanza bunduki ifunguliwe na chemba zitazamwe kama hazina risasi. Fanya hivyo hata kama umeambiwa haijatumika kwa miaka 30.

Ikiwa ni gobore au bunduki nyingine ya kujazwa kwa mbele, tahadhari iwe mara mbili. Nyingi zilitundikwa ukutani zikiwa zimejazwa, na baruti nyeusi ikikaa pakavu hubaki hai kwa miaka mingi. Usilitoboe, usilichome moto, usiligonge ili mzigo utoke. Liache lilipo, wazuie watoto, waite polisi.

Pili: mtutu

Mtutu ndio moyo wa bunduki. Mbao hubadilishwa, springi hubadilishwa, lakini mtutu ukiisha, bunduki imeisha.

*Mihuri.* Ulaya kuna taasisi ambazo kazi yake ni kuijaribu bunduki kabla haijauzwa. Hufyatuliwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ikihimili, hugongwa mhuri. London kazi hii ilikuwa ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637. Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Hapa kwetu hatuna nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo mihuri iliyoko kwenye mtutu ndiyo ushahidi tulio nao. Ili kuiona, mitutu itenganishwe na mwili wa bunduki, kisha itazamwe upande wa chini, kwenye chuma bapa karibu na chemba.

Swali la kuuliza mihuri ni moja: mtutu huu ulijaribiwa kwa baruti gani? Baruti ya zamani ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi. Baruti isiyo na moshi ilienea miaka ya 1880 na 1890, na risasi za dukani leo ni za baruti hiyo. Nguvu yake hupanda kwa namna tofauti, na mtutu uliopimwa kwa baruti nyeusi peke yake haukuandaliwa kwa mzigo huo.

Kwa bunduki za Uingereza, tafuta maneno NITRO PROOF, yaliyotumika kuanzia 1896, au herufi NP zilizotumika kuanzia 1904. Birmingham waliziweka NP chini ya taji, na London chini ya mkono ulioshika upanga. Bunduki zilizopimwa baada ya 1954 zinaweza kuwa na alama ya nguvu kama 3 TONS. Ukikuta taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana bila NP wala NITRO, hiyo ni Birmingham ya kabla ya 1904 na huenda ilipimwa kwa baruti nyeusi tu. Maneno NOT FOR BALL yalitumika kati ya 1875 na 1887. Yanasema mdomo wa mtutu umebanwa, usitumie tufe moja kubwa, na yanakupa umri wa bunduki.

Kwa bunduki za Liège, tafuta herufi ELG na nyota ndani ya umbo la yai. Taji juu ya umbo hilo liliongezwa mwaka 1893. Ukiona pia simba juu ya herufi PV, ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Usiliamini jina lililoandikwa ubavuni kuliko mihuri. Wabelgiji waliuza bunduki nyingi za bei nafuu zenye jina W. Richards, na mnunuzi akadhani ni kazi ya Westley Richards, kampuni ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1812. Ubavuni Kiingereza, chini ya mtutu ELG. Jina huandikwa na anayeuza, mhuri hugongwa na aliyejaribu.

*Mtutu wa Damascus.* Ukiona kwenye chuma michoro kama mawimbi au nyuzi za mkeka, hiyo si rangi. Kabla mitutu ya chuma cha pua cha kumiminwa haijaenea, mafundi walisokota vipande vya chuma laini na chuma kigumu, wakavizungusha kwenye fimbo na kuviunganisha kwa moto na nyundo. Kazi hiyo ni nzuri mno kuitazama. Si kweli kwamba kila mtutu wa namna hiyo ni mbovu, kwani ipo iliyopimwa kwa baruti isiyo na moshi ikafaulu. Lakini kutu inaweza kuingia kwenye viungio vya vipande hivyo, mahali jicho halifiki. Kanuni ya mnunuzi wa kawaida ni hii: Damascus bila mhuri wa baruti ya sasa ni ya kutazama, si ya kufyatua.

*Ndani ya mtutu.* Safisha kwa kitambaa kikavu, elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha, tazama kutoka pande zote mbili. Mtutu mzima huonyesha duara za mwanga zilizonyooka. Mahali pameingia ndani kwa kubonyea, duara hukatika na kuwa kivuli. Fundi anaweza kuinua bonde dogo. Uvimbe wa kutoka nje kuzunguka mtutu ni habari nyingine: kuna siku bunduki ilifyatuliwa ikiwa na kitu ndani, udongo au kitambaa, na chuma kikatanuka. Uvimbe ni ubovu mkubwa.

Tazama pia vishimo vya kutu. Vyeusi vichache karibu na mdomo vinavumilika. Vingi na virefu karibu na chemba, ambako nguvu ya mlipuko ni kubwa, ni sababu ya kuiacha. Wapo wauzaji wanaosugua ndani mpaka mtutu ung'ae kama kioo. Kung'aa huko kumepatikana kwa kula chuma. Mafundi wengi wa Uingereza hutaja inchi 0.020, karibu nusu milimita, kuwa unene wa chini wanaoukubali sehemu ya mbele ya mtutu. Nusu milimita ni kama kurasa chache za daftari zilizobanwa pamoja. Huwezi kuipima kwa jicho wala kwa kidole. Fundi ana kipimo maalumu cha kazi hiyo, na mtutu ambao haukupimwa usiulipie bei ya mtutu mzima.

*Mlio.* Mitutu miwili huunganishwa kwa ubavu mrefu wa chuma uliolehemiwa juu na chini. Fundi akiitundika kwenye uzi bila mbao na kuigonga taratibu kwa ukucha au kipande cha mti, mizima hulia kama kengele. Ikitoa sauti ya kukwaruza au ya bati lililopasuka, ubavu umeachia na maji yanaingia katikati ya mitutu, mahali kutu hula bila kuonekana.

*Mtutu uliokatwa.* Shotigani nyingi za aina hii zina mitutu ya inchi 28 au 30, yaani sentimita 71 hadi 76. Ukikuta mifupi sana, midomo haikunyooka, au pengo la wazi kati ya midomo miwili, imekatwa. Hiyo usiikarabati wala usiinunue. Bunduki iliyokatwa ni silaha ya uhalifu machoni pa askari yeyote.

Chemba na risasi: hatari inayofichika

Hapa ndipo watu waangalifu nao huumia. Shotigani nyingi za zamani za Uingereza na Ubelgiji zina chemba ya inchi 2½, yaani milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za milimita 70, na zipo hata za milimita 76.

Mtu husema: "Mbona imeingia vizuri?" Itaingia. Urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na kufunguka mdomo. Likiwa zima mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ni fupi na linatosha kwenye chemba ya zamani. Ukifyatua, mdomo unafunguka na kukosa nafasi, unaziba njia mahali mtutu unapoanza kuwa mwembamba, na nguvu ndani inapanda. Bunduki ya kisasa huenda ikavumilia. Ya mwaka 1905 yenye mtutu uliosuguliwa huenda isivumilie. Fundi apime urefu wa chemba, na wewe uandike namba hiyo ndani ya kava la leseni yako.

Hatari ya pili ni kuchanganya namba. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwenye mtutu wa namba 12 haikai kwenye chemba, hutelezea mbele na kukwama. Mwenye bunduki anadhani hajatia kitu, anatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wa kushoto. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza risasi za namba 20 kwa ganda la njano. Katika nyumba yenye bunduki ya namba 12, risasi ya namba 20 isikae kabisa.

Na risasi zilizojazwa upya mtaani, ambazo hakuna ajuaye kiasi cha baruti iliyomo, zisiguse bunduki ya zamani.

Tatu: mtambo

Bunduki ikifungwa, mitutu inapaswa kukaa imebanana na uso wa chuma ulio nyuma yake. Ondoa mbao ya mbele kwanza, kwa sababu springi yake huweza kuficha ulegevu, kisha inua bunduki kwenye mwanga. Ukiona mstari wa mwanga kati ya mitutu na uso huo, au mitutu ikicheza ukiitikisa, kiungio kimechakaa. Fundi mzuri anaweza kukirudisha, lakini ni kazi ya mikono na ya gharama. Kama kuna mtu aliziba nafasi hiyo kwa kipande cha kopo au kwa kuchomelea, usiendelee.

Nyundo zikiwa za nje, zitegwe moja moja na kushikiliwa kwa kidole. Zishike pale zilipotegwa, zisianguke kwa kusukumwa. Kama nyundo ziko ndani, fundi apime mshiko wake kwa kutumia risasi bandia. Usifyatue bunduki tupu mara kwa mara, kwani pini za zamani hukatika.

Kumbuka pia kwamba sefti ya shotigani nyingi hufunga vifyatulio tu, haifungi nyundo. Bunduki iliyochakaa ikidondoka inaweza kulia hata sefti ikiwa imewekwa. Ukikuta msumari mahali pa pini, waya mahali pa springi, au vichwa vya skrubu vilivyotafunwa, ujue imeshapita kwa fundi asiye na vifaa, na ndani kuna mengine.

Nne: mbao

Sasa ndipo utazame mbao. Kagua shingo, sehemu nyembamba unaposhika kwa mkono wa kulia, na kingo zinazogusana na chuma. Ufa mdogo huunganishwa kwa gundi na pini. Ufa unaozunguka shingo unahitaji kitako kipya. Mbao nyeusi na laini karibu na chuma imelowa mafuta kwa miaka mingi na imepoteza nguvu. Gonga taratibu usikilize kama ndani kuna njia za mchwa. Bati au waya uliozungushwa shingoni mara nyingi umefunika ufa.

Baada ya ukaguzi: njia tatu

*Inatengenezwa itumike.* Karatasi zimenyooka, kuna mhuri wa baruti ya sasa, unene wa mtutu umepimwa, chemba inajulikana, kiungio kimebana. Hapo matengenezo ya mbao, springi na kusafisha yana maana. Mwambie fundi asipitishe msasa wala mashine juu ya mihuri na namba. Zikifutika, umepoteza ushahidi wa usalama na wa uhalali kwa pamoja. Usikubali kuchomelea kwenye mitutu, kwa sababu moto unaoyeyusha chuma cha kuchomelea huachisha ubavu na kulegeza mtutu.

*Inahifadhiwa bila kufyatuliwa.* Karatasi ziko sawa lakini mtutu ni wa baruti nyeusi, mwembamba au umeoza. Uingereza huweza kutiwa mitutu mipya kwenye mzizi wa ile ya zamani na kujaribiwa tena. Kwetu gharama ya kuisafirisha na vibali vyake itazidi bei ya bunduki mpya. Kama ni kumbukumbu ya mzee, uliza polisi namna halali ya kuitunza ikiwa haifanyi kazi. Usiipe fundi wa mtaani "aijaribu".

*Inakabidhiwa.* Hakuna karatasi, namba imefutwa, mtutu umekatwa. Mara kwa mara Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Fuatilia matangazo hayo, na katika wakati mwingine wowote pitia kwa mwenyekiti wa kijiji au mwanasheria kabla ya kuihamisha silaha hata hatua kumi.

Maswali mnayotuuliza

*Nikiwa na leseni ya shotigani naweza kuwinda?* Hapana. Uwindaji una kibali chake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya bunduki haikupi mnyama.

*Naweza kuipaka mafuta ya kupikia ili isipate kutu?* Usifanye hivyo. Mafuta ya kula huganda na kunata, yakashika mtambo. Tumia mafuta mepesi ya bunduki au ya cherehani, kidogo tu, kisha ifute.

*Niiweke kwenye mfuko wa ngozi?* Ngozi na kitambaa hunyonya unyevu, hasa pwani na ziwani. Isafirishe humo, lakini itunzwe pakavu, imefungiwa, risasi zikiwa mahali pengine.

*Muuzaji anasema ilifyatuliwa mwaka jana na haikuwa na shida.* Mtutu mwembamba hauna dalili ya kuumwa kama mtu. Unavumilia mara 100 na kupasuka mara ya 101. Kilichotokea mwaka jana si kipimo, na kipimo kipo: mhuri, unene wa mtutu na urefu wa chemba.

Muuzaji akikataa vipimo hivyo vitatu visifanyike, ameshakujibu. Mwachie bunduki yake, rudi na fedha zako.